Kilomita za Kwenye Bajaji

Jumamosi tulimkuta dada mmoja wa kundi letu la kukimbia ameketi kwenye kalavati, barabara ya kwenda Uyole, ameshika paja na machozi yanamtoka. Tulikuwa kilomita ya 13. Wiki tatu mfululizo alikuwa akituma kwenye WhatsApp kwamba amemaliza 18.

Nilijua hakuzimaliza. Picha ya simu yake ilionyesha kilomita kadhaa za dakika mbili na nusu kila moja. Kelvin Kiptum mwenyewe, yule mkimbiaji wa Kenya, siku alipovunja rekodi ya dunia ya marathoni kule Chicago mwaka 2023 kwa saa 2:00:35, alikwenda kila kilomita kwa wastani wa dakika 2 na sekunde 51 hivi. Ile ilikuwa bajaji. Nami nikaweka dole gumba kama wenzangu, nikanyamaza. Hilo linaniuma mpaka sasa.

Kuna wanaosema tusikazane, sisi tunatafuta afya tu. Haya, nakubali, hakuna anayelipwa. Lakini anayelipwa ana kocha wa kumshikia saa kila siku. Sisi tunaokimbia alfajiri kabla ya kwenda kazini, kocha wetu anategemea daftari tu, na namba ya wiki hii ndiyo inayopanga ya wiki ijayo. Andika 18 wakati miguu imekwenda 11, utapangiwa 20, na goti halisomi daftari. Linajua 11. Tena hapa Mbeya, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi na vilima kila upande, deni hilo linadaiwa mapema.

Nimelilipa mwenyewe. Mwaka jana, baridi ya Julai, nilikuwa nageuzia njiani na kuandika safari nzima. Maumivu ya ugoko yakaniweka nje miezi miwili. Kocha wetu alihangaika kutafuta kosa kwenye programu yake, akaipunguza, akaniomba radhi. Nilimwacha aombe radhi.



Tulirudi na yule dada kwa miguu, polepole. Akaniambia aliogopa kuonekana mzembe, maana sote tunaandika namba kubwa. Usiku akatuma: "Leo nimekimbia 13, sikumaliza. Zile 18 hazikuwa za kweli."

Dakika kumi nzima hakuna aliyejibu. Nikaanza kuandika za kwangu, kuanzia Julai.