Msimamizi Anayejua Nani Atapunguzwa Kazini

Mfanyakazi anamletea msimamizi wake fomu ya mkopo wa nyumba. Kuna sehemu ya msimamizi kuthibitisha, kwa saini, kwamba mwombaji ameajiriwa kwa kudumu. Tatizo ni kwamba msimamizi huyo ameshaoneshwa orodha ya watakaopunguzwa mwezi ujao, jina la mwombaji limo, na ameahidi uongozi kuwa hatamwambia mtu.

Wanaosema anyamaze si watu katili. Orodha ya namna hii ni rasimu; majina huingia na kutoka mpaka siku ya mwisho. Akimwambia leo, na kesho jina likafutwa, atakuwa amemkosesha mtu nyumba bure. Habari ikivuja, wa kwanza kuondoka ni wale wanaogombewa na waajiri wengine, ambao pengine ndio walioishikilia idara. Na kwa nini huyu ajulishwe kwa sababu tu amekuja na fomu, ilhali wenzake waliomo humo humo hawajui lolote?

Hoja hizo zinatosha kutetea kunyamaza. Hazitoshi kutetea saini. Maneno ya fomu ni ya kweli kwa leo, lakini anayesaini anajua benki itayasoma kama kauli kuhusu kesho, na mwombaji atajifunga deni la miaka mingi kwa kuyategemea. Hapo msimamizi hatunzi siri tena. Anashiriki kumpotosha mtu.

Sheria nazo haziipi siri hii uhuru wote. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 158 wa mwaka 1982 unamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu kwa sababu za kiuchumi awape wawakilishi wao taarifa mapema na kushauriana nao. Marekani, sheria ya 1988 inawataka waajiri wenye wafanyakazi 100 au zaidi watoe notisi ya siku 60 kwa upunguzaji mkubwa. Kwa hiyo, mahali pengine siri ya "mwezi ujao" huenda imeshavunja sheria kabla haijamfikia msimamizi. Wanaopunguzwa wachache wachache ndio hubaki bila kinga hiyo.

Ningekuwa mimi, nisingesaini, wala nisingetaja orodha. Ningemwambia: "Hii siwezi kuisaini sasa. Kabla hujajifunga deni refu, waandikie rasilimali watu uwaulize hali ya idara yetu." Mtu mwerevu ataelewa, najua. Uvujaji wa kiasi hicho naukubali, kwa sababu hasara yake kwa kampuni ni ndogo kuliko hasara ya mkopo huo kwake.

Baadhi ya ofisi hukwepa mtego huu kwa kupeleka fomu zote kwa karani wa rasilimali watu. Msimamizi anapumua, na karani anasaini kwa moyo mweupe kwa kuwa hajui kitu. Mkopaji anaangukia pale pale.

Pa kubanana ni mapema zaidi, siku msimamizi anapokabidhiwa orodha. Aulize itatangazwa lini kabla hajaahidi lolote. Akijibiwa kwamba tarehe haijapangwa, ahadi yake naye aiwekee mpaka, tena kwa maandishi: nitanyamaza, ila sitasaini hati yoyote inayotegemea ajira ya mtu aliyemo humu.