Nenda Mwenyewe, Usisubiri Kubebwa

Sisi tuliokulia Dodoma tuliijua hospitali ya Mirembe kwanza kama utani. Ukicheka peke yako, "huyu wa Mirembe". Ukishindwa hoja za Simba na Yanga, unamwambia mwenzako akapimwe Mirembe. Hospitali ile ipo tangu 1927, ndiyo ya taifa kwa afya ya akili, na wagonjwa husafirishwa kutoka mikoa ya mbali kuja kutibiwa. Sisi tunaoifikia kwa bodaboda tunapita getini tukiangalia upande wa pili.

Sasa naishi Leicester, Uingereza, na sitawadanganya kwamba huku ni peponi. Foleni ya kumwona mshauri wa afya ya akili inaweza kula miezi. Mtu anaweza kumaliza wiki nzima hajagongewa mlango. Nyumbani ukikosekana msikitini au kwenye jumuiya, jioni mtu anakuja kuuliza kulikoni. Hilo huku hulipati hata kwa pesa.

Ila huku kuna kitu ninachokitamani kwetu. Unakwenda kwa daktari yule yule wa mafua na presha, unamwambia silali. Anakupa karatasi ya maswali tisa: kwa wiki mbili zilizopita umekosa hamu mara ngapi? Usingizi je? Chakula? Umefikiria ni heri ufe? Kila jibu lina alama 0 hadi 3, na jumla inampa daktari pa kuanzia. Hakuna anayeuliza nani kakuroga. Kazini mtu anaaga, "Alhamisi nina miadi na mshauri wangu," na wenzake wanaendelea na chai.

Kwetu tunaanza na "kaza moyo", na mwanaume anaambiwa mara mbili. Baadaye maombi, baadaye mganga, mbuzi wameuzwa, mwaka umekatika. Mgonjwa anafikishwa hospitali amefungwa kamba nyuma ya pikapu, halafu tunasema dawa za hospitali hazisaidii. Sina ugomvi na maombi. Aombewe, na kliniki aende. Na dawa za sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Ukiziacha siku ya tano hujazijaribu.

Tena kuna sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinasema kujaribu kujiua ni kosa. Uingereza na Wales walilifuta kosa hilo 1961. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao kinakwenda kinyume cha Katiba. Aliyenusurika atamwelezaje daktari ukweli huku anawaza polisi? Wabunge wako hapo hapo Dodoma, wakitaka kuanza waanze na hiki.

Wewe usiwasubiri. Mirembe ina kliniki ya wagonjwa wa nje: unaingia, unaongea, unarudi kulala kwako. Jina likikutisha, anzia kituo cha afya cha jirani, ila usijifiche nyuma ya "mwili unaniuma". Sema silali, nalia bila sababu, nimechoka kuishi. Kama mawazo ya kujidhuru yameshaingia, mwambie mtu leo na asikuache peke yako. Nanyi shangazi na kaka, msimtume mgonjwa peke yake. Mmoja apande naye bajaji, akae naye kwenye benchi mpaka aitwe. Majirani wakiuliza mlikuwa wapi, semeni hospitali.