Vishikwambi Vitoke Stoo Kabla ya Mtihani

Kila panapozungumzwa kuhamishia mitihani ya kitaifa mtandaoni, swali la kwanza huwa ni vifaa: vinatakiwa vingapi, na nani atavinunua? Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kilifi, na kwangu hilo si swali la kwanza. Vifaa vilikuja. Mpango wa serikali ulioanza kusambaza vishikwambi mwaka wa 2016 ulifikisha zaidi ya milioni moja katika shule za msingi za umma nchini Kenya. Vyetu tulivipokea kwa vigelegele, kisha tukavifungia stoo visije vikaharibika.

Niliomba ufunguo mwaka huu, muhula wa kwanza. Kasha nililofungua lilikuwa na vishikwambi 20, na 11 tu ndivyo vilivyowaka. Vingine betri zilikuwa zimevimba hadi kifuniko cha nyuma kikabanduka. Darasa letu lina soketi moja, kando ya ubao. Kuvichaji hivyo 11 kulinimalizia siku mbili.

Nikawapa wanafunzi wa Gredi ya 6 zoezi fupi la Kiswahili. Swali la tatu liliuliza kinyume cha kupanda mche. Msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hunyoosha mkono kabla sijamaliza kuuliza, alininong'onezea jibu papo hapo: kung'oa. Kuliandika ndiko kulikomshinda. Alipata k, akapata u, akapata n na g, kisha kidole kikabaki hewani.

"Mwalimu, ritifaa iko wapi?"

Ritifaa, ile alama ya (') iliyo katika kung'oa, imefichwa ukurasa wa pili wa kibodi, pamoja na alama za hesabu, na hakuna aliyewahi kumwonyesha. Dakika zikamwishia, akaandika "kungoa". Programu ya kusahihisha ingempa sifuri, na sifuri hiyo ingesomwa kama kwamba mtoto huyu hajui Kiswahili.

Hili halitokei kwetu tu. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, mwaka wa 2015 na 2016 baadhi ya shule zilifanya mtihani mmoja kwa kompyuta na nyingine kwa karatasi. Waliotumia kompyuta walipata alama za chini, hasa katika lugha, na mwaka wa pili pengo likapungua. Naamini mazoea yalichangia.

Sisi walimu tumeshazoea kidogo. Kazi za tathmini za KNEC, baraza la mitihani la Kenya, tunazipakua mtandaoni, tunazichapisha, na alama tunazipakia huko huko. Mtoto ndiye bado yuko kwenye penseli. Siku akiambiwa aiweke chini, awe ameshakaa na skrini miaka miwili au mitatu, tena kwa kazi za kila siku: insha, imla, hata barua kwa nyanya yake.

Na hata shule ikijitayarisha vipi, mitambo ya mbali inaweza kuiangusha. Tennessee, jimbo jingine la Marekani, Februari 2016, mfumo wa mtihani ulikwama siku ya kwanza tu. Jimbo likarudi kwenye karatasi, nazo karatasi zikachelewa, na mwishowe mtihani wa gredi ya 3 hadi ya 8 ukasitishwa. Kwa hiyo nawasihi wanaopanga mambo haya: karatasi za akiba ziwe zimefika shuleni kabla ya asubuhi ya mtihani. Pia chagueni programu isiyotegemea intaneti kila dakika. SAT ya kidijitali, mtihani wa kuombea nafasi vyuo vikuu vya Marekani, ambayo watahiniwa nje ya Marekani walianza kuifanya Machi 2023, inaruhusu mtahiniwa kuendelea hata mtandao ukikatika katikati, na majibu yanabaki salama kwenye kifaa. Huku kwetu, ambako mtandao huyumba wingu likitanda tu, mpango usio na hilo nitaupinga waziwazi.

Jambo jingine ni jaribio. Kuwasha kishikwambi kimoja mbele ya afisa hakutoshi. Darasa zima liingie kwa pamoja, kila mtoto na nenosiri lake, saa mbili mfululizo, na lifanyike mapema mwakani ili kitakachokwama kipate muda wa kutengenezwa.

Hapa kwetu tumeanza na stima. Wazazi wamechanga pesa za waya, na Jumamosi fundi anakuja kutuongezea soketi nne kwenye ukuta wa nyuma.