Herufi mbili chini ya mitutu

Mzee niliyekuwa nikimhudumia huko Shropshire, Uingereza, alikuwa na bunduki ya marisau ya babu yake, ile inayorusha chembe nyingi ndogo kwa mpigo mmoja. Ilikuwa ya namba 12, yaani kipimo cha upana wa mtutu, yenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, na nyundo zake za kufyatulia ziko nje, zimesimama kama masikio ya sungura. Siku aliyonionyesha aliniambia kwanza nivae miwani. Akaichomoa mitutu, akaipindua na kuilaza mezani juu ya taulo. Upande wa chini, pale pasipoonekana bunduki ikiwa imefungwa, palikuwa na mhuri wa taji juu ya fimbo mbili za kifalme zilizopishana, yaani mhuri wa ukaguzi wa Birmingham wa karne ya 19. Pembeni palikuwa na herufi mbili ndogo, zimegongwa kwa mkono, moja imeinama kidogo.

"Huyu ndiye fundi," akasema. "Jina lile kubwa la juu ni la mwenye duka."

Mzee alifariki. Miezi michache baadaye bunduki ile ilikatwa vipande na kuwa chuma chakavu.

Hakuna aliyevunja sheria. Mkewe hakuwa na cheti cha kumiliki bunduki, na bila cheti huwezi kukaa na bunduki hata kama umeishi nayo nyumba moja miaka 50. Askari aliyekuja alikuwa mpole, akampa pole, akampa karatasi. Bibi akatia sahihi akidhani inakwenda kuwekwa mahali. Hakuelezwa kwamba angeweza kuomba kibali cha muda akafikiri vizuri, wala kwamba angeweza kuiacha kwa muuza bunduki aliyesajiliwa, au kumpa mtu mwenye cheti. Alipouliza baadaye, akajibiwa kwamba imeshateketezwa.

Siandiki haya kudai watu waachiwe bunduki. Mwaka 1987 mtu mmoja aliua watu 16 pale Hungerford, na sheria ya 1988 iliyofuata ndiyo iliyotaka kila bunduki ya marisau iandikwe kwenye cheti na kufungiwa mahali salama. Mwaka 2021 huko Keyham, Plymouth, watu 5 waliuawa kwa bunduki iliyomilikiwa kihalali, ambayo polisi walikuwa wamemrudishia muuaji mwezi mmoja hivi kabla. Anayesema sheria imebana mno akazungumze na familia zile. Mimi nazungumzia kinachofanyika bunduki ikishaondoka mikononi mwa raia. Hatari imeshakwisha hapo. Kwa nini basi haraka ya msumeno?

Sehemu ya jibu ni pesa. Bunduki ya kawaida ya Birmingham haina soko. Kampuni kubwa za London kama Purdey zina majina yanayolinda kazi zao, ila hii yetu mnadani huenda kwa bei ya kutupa. Kuizima kisheria isiweze kufyatuka tena, yaani kutobolewa, kuchomelewa na kupewa hati, mara nyingi kunagharimu kuliko thamani yake. Mitutu ikiwa imeliwa na kutu ikapungua unene kupita kiwango, ni kosa kuiuza ifyatuliwe. Februari 2025 ada ya cheti kipya ilipanda kutoka pauni 79.50 hadi 194, kwa hiyo hata kijana ambaye angependa kuirithi anafikiri mara mbili. Julai mwaka huohuo serikali ikatangaza kupiga marufuku marisau ya madini ya risasi, kwa kipindi cha mpito cha miaka 3. Naiunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote, maana ndege humeza chembe zile pamoja na changarawe wakafa kwa sumu. Lakini chembe za chuma kigumu zinazochukua nafasi yake si za kutiwa kwenye mitutu ya zamani.

Umri nao hausaidii. Bunduki ambayo risasi zake hazitengenezwi tena yaweza kuhesabiwa kitu cha kale na kukaa ukutani bila cheti. Ya namba 12, hata ikiwa ya 1880, ni silaha kama iliyotoka kiwandani jana, kwa sababu risasi zake bado ziko madukani.

Kinachonikera zaidi ni zile herufi mbili. Katika mtaa wa mafundi bunduki wa Birmingham hapakuwa na mtu mmoja aliyetengeneza bunduki nzima. Mmoja alipiga tupa mitutu, mwingine alifanya mitambo, mwingine alichonga kitako cha mti wa jozi, na vipande vilibebwa mkononi kutoka karakana hadi karakana. Mitutu ya Damaski, kama ile ya mzee, ilianza na pau za chuma laini na feleji, zikasokotwa kama kamba, zikaviringwa na kufuliwa kwa moto hadi zikawa bomba moja. Ukiitazama kwa karibu unaona mistari inayotambaa kama mawimbi ya bahari ikiwa shwari. Aliyefanya kazi hiyo hakuandikwa popote ila pale chini. Mtaa wenyewe ulimegwa na barabara kuu katika miaka ya 1960. Unapokata mitutu unafuta sahihi pekee ya mtu.

Na mimi Mwafrika najua mji ule ulituma nini kwetu. Bunduki za Birmingham zilinunua watu Afrika Magharibi. Hiyo ni sababu nyingine ya kutaka vitu hivi visomwe na kuandikwa kabla ya kuyeyushwa, kwa sababu mihuri ni ushahidi.

Ninachoomba ni kidogo. Mjane apewe karatasi yenye njia zote, si ile ya kutia sahihi tu. Kabla ya msumeno, mtu anayejua aigeuze bunduki, apige picha mihuri na herufi, azihifadhi mahali watafiti watazifikia. Iliyo nzuri ipelekwe makumbusho. Leeds wana Royal Armouries, hifadhi ya taifa ya silaha. Dakika kumi kwa kila bunduki.

Ile ya mzee haikupata hata dakika moja. Picha ninayo mimi, niliipiga kwa simu siku ile ya taulo, na ile herufi ya pili iliyoinama haikutoka vizuri kwa sababu kivuli cha kidole chake kimeifunika.