Mhuri Sina, Jogoo Simtaki

Leo asubuhi nimeitwa wakili mara nne na hata mswaki sijapiga. Nimetoka nje kumwaga maji tu, bukta, kifua wazi. Wa kwanza jirani, anataka nimsomee mkataba wa bodaboda. Wa pili mama wa vitumbua, kuna mtu anamdai elfu mbili mia tano, "we mpigie tu simu ujitambulishe, atalipa mwenyewe." Wa tatu simkumbuki. Wa nne ndo mjomba.

Mjomba kateremka stendi ya Mkanaledi, hapa Mtwara, na gari ya kwanza kutoka Newala. Sasa msimu huu wa korosho mjomba haachi shamba hata kwa harusi, ukimwona mjini na minada inaendelea ujue kuna jambo. Mkono mmoja jogoo kwenye kikapu, mkono mwingine mfuko wa rambo umejaa makaratasi. Na kwetu Wamakonde mjomba sio mtu wa kusalimia ukiwa unapita, nyie wenzetu mnauliza baba anasemaje, sisi tunauliza mjomba kasemaje, tena huyu ndo aliyeuza korosho za misimu miwili ili mimi niende Dar kusoma ile shule ya uwakili. Kwa hiyo nikaikimbilia shati, nikarudi na shikamoo nzito.

"Marahaba, wakili." Akakaa barazani, pale pale walipo wale wazee watatu wa bao ambao sijui wanaendaga kwao saa ngapi. Akatoa karatasi ya daftari. Kanunua kipande cha shamba, mikorosho 17, wameandikiana wenyewe, mashahidi wanne, mmoja kaweka dole gumba. "Gonga mhuri hapo, niwahi gari ya saa sita."

Hapa ndo ninapoponzwaga. Mtu ukishavaa suti nyeusi mwaka mzima kwenye joto la Dar, mnaitana msomi mwenzangu mpaka kwenye foleni ya chips, sauti inabadilika yenyewe hata ukiwa na bukta. Nikakohoa. Nikamwambia, "Mjomba, kwa mujibu wa Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, mtu ambaye sio wakili haruhusiwi kuandaa hati za namna hii kwa ada, faida wala malipo yoyote."

"Ada sikupi. Nimekuletea jogoo."

"Jogoo ndo faida yenyewe mjomba."

"Huyu? Ana faida gani, hebu mwone alivyokonda."

Wazee wa bao wakaacha kete.

"Kwa hiyo mhuri huna."

"Sina."

"Mwaka mzima."

Mwaka mzima mjomba, ila mhuri haugawiwi darasani. Nikaanza kumwelewesha, unasoma, ukitoka darasani unaenda fildi, mahakamani huko na kwenye ofisi za mawakili, ukifaulu vyote ndo unaomba kusajiliwa, Baraza la Elimu ya Sheria linakupitia, mwisho Jaji Mkuu ndo anakuapisha. Akanisikiliza mpaka mwisho, vizuri kabisa. Akauliza, "Na we hapo umefika wapi?"

Hapo nilitakiwa nidanganye, maana kuna mitihani miwili natakiwa niirudie. Nikasema nina sapu mbili. Mama kutoka jikoni, "Supu gani? Nani kaleta pweza?"

Mjomba akavua kofia. Mjomba jambo likimshinda, akili yake inarudi ghalani. "Ngoja. Korosho zikifika ghalani zinapimwa. Kavu, safi, nzuri, standadi gredi. Zilizolowa zile, zenye madoa, andagredi."

"Ndiyo mjomba."

"Basi we umekuwa andagredi."

Nikasema hapana mjomba, sapu sio andagredi, sapu ni kama vile tuseme... na hapo nikakwama, maana nimetafuta mfano mwingine nimekosa. Mzee mmoja wa bao akasema andagredi nayo inauzwa, bei tu ndo ndogo. Mwenzie akasema hapana, arudishwe juani, aanikwe tena. Wa tatu akauliza alinyeshewa wapi. Wakaanza kubishana kati yao na mimi nimesimama pale pale, hakuna hata anayeniangalia.

Nikaona nijitetee kwa namba. Nikawaambia hata redioni mlisikia, matokeo yale ya 2022 ya shule ya uwakili, watu 633 walifanya, waliopita moja kwa moja 26. Wa kurudia 342. Waliodisko, yaani walioondolewa shule, 265. Nikajua sasa huruma itakuja.

Mjomba akahesabu kwa vidole, akaacha, akahesabu kichwani. "Magunia 633 yameingia ghalani. Standadi 26."

"Ndiyo."

"Na 265 yamemwagwa."

"Ndiyo mjomba."

"Hapo sio korosho. Hapo kuna mtu kwenye mizani."

Nikamwambia hata serikali ilishtuka, waziri akaunda kamati, mwenyekiti Mwakyembe, yule waziri wa zamani. Akacheka mpaka akakohoa, "Kamati! Hata sisi AMCOS, chama chetu cha ushirika, tunaundiwaga." Nikamwambia kuna waliosema shida inaanzia vyuoni tulikotoka. "Basi shida iko shambani, nyie hamkupuliziwa dawa ya salfa." Akawageukia wazee, "Hawa wana ugonjwa wa ubwiri unga tangu maua." Wazee wote wakatikisa kichwa, kwa masikitiko kabisa, kama wako msibani.

(Na stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kupeleka korosho ghalani ziuzwe kwa mnada, huku kwetu ilianza 2007, na sheria iliyoanzisha shule ya uwakili ni ya 2007 hiyo hiyo. Mimi sisemi kitu.)

Jamani nikapasuka. Nikasema mjomba mimi sio korosho! Unajua kukaa usiku kucha unaandika hati ya madai, majina umeweka, madai umeweka, nafuu umeomba, umesahau kaaya kamoja tu kanakoonyesha mahakama ina mamlaka, kazi yote imeoza? Unajua kurudi nyumbani na digrii halafu mama wa vitumbua anakutuma ukadai elfu mbili? Nimesema kwa sauti mpaka jogoo katoka kikapuni. Kimya. Mjomba akavaa kofia. "Polepole, mpwa wangu. Wakili hafoki hivyo."

Basi nikampeleka kwa wakili mwenye mhuri wake, mjini. Karatasi ile ya daftari hata hakuishika vizuri, kasema iandikwe upya, kataja bei, mjomba kaniangalia mimi. Kalipa. Gari ya saa sita imetuacha, ya saa nane kapanda, na kwenye dirisha ananiambia jogoo sio malipo, nimfugie tu mpaka msimu uishe.

Sasa ni saa nne usiku, nimefungua madesa ya sapu, jogoo nimemfunga kwenye mguu wa meza maana nje kuna paka, na anawika. Saa nne! Nimezima taa anawika, nimewasha anawika. Hodi mlangoni, jirani wa bodaboda, kajifunga shuka, hana hata salamu.

"Wakili, kisheria jogoo mwisho wake kuwika saa ngapi?"