President: mvuke miaka 16, halafu je?

Kuna boti ya mizigo ya mifereji ya Uingereza inaitwa President, ilijengwa 1909 na kampuni ya Fellows, Morton & Clayton pale Saltley, Birmingham, upana kama mita 2 tu kwa sababu milango ya maji (sehemu za kupandishia na kushushia boti) kwenye mifereji ile ndo saizi yake, ila urefu unapita mita 21. Siku hizi ni mali ya makumbusho ya Black Country kule Dudley na bado inatembea kwa mvuke, watu wa kujitolea wanachochea makaa. Kuiona inapendeza sana, ila urembo wenyewe ndo unanipa shida kidogo, maana kuna ubishi kama ilikuwa sawa kuirudishia mvuke.

Mvuke haukuwa na maisha marefu kwenye biashara ile. Boila, injini na makaa vilikula nafasi ya karibu tani 10 za mzigo, halafu boti ilitaka wanaume wengi, kama saba hivi ukijumlisha na wa boti ya pili iliyovutwa nyuma, wanakimbiza mzigo usiku na mchana, London mpaka Birmingham saa 54 bila kusimama kulala. Faida ilikuwa spidi basi. Zikaja injini za mafuta, nafasi ya mzigo ikaongezeka, wafanyakazi wakapungua, na 1925 President nayo ikang'olewa mvuke. Kwa hiyo mvuke ni miaka 16 tu, miaka mingi iliyobaki ilifanya kazi na injini ya mafuta, mwishoni ikawa boti ya kutengenezea mifereji, mpaka ikakutwa 1973 imechoka kabisa, ikafufuliwa na 1978 ikarudi na mvuke.

Sasa wanaolalamikia kurudishwa kwa mvuke wana hoja: ukiirudisha 1909 umefuta karibu nusu karne ya jasho, na wala boila siyo ile ya zamani. Wengine wanasema hivi, boti ikikaa tu inaoza, na ufundi wa kuendesha mvuke hujifunzi kwenye kioo cha makumbusho, lazima moto uwake. Hapa nawapa kura yangu, maana hata boti zingine hazikubaki kamili, sakafu zao zilikuwa mbao za elm, ugonjwa ukaua miti ile kwa mamilioni kuanzia miaka ya 70, nyingi zikawekewa bati la chuma na maisha yakaendelea, sasa sijui asili gani tunaigombania.

Ila siyo kila boti ifanyiwe hivyo. Boti za injini za mafuta ndo zilibeba makaa mpaka baridi kali ya 1962-63 ilipogandisha mifereji na karibu kuimaliza biashara iliyokuwa inakufa tayari, familia nzima inaishi kwenye kijumba cha nyuma kisichozidi mita 3, hizo ziachwe na injini zake, masizi na viraka vyote. Na kwenye President yenyewe waandike mahali panaposomeka kwamba mvuke uliondolewa 1925 kwa sababu haukulipa.