Fundi wa Kisumu apewe cheti cha nini hasa?

Tangu 2011 Umoja wa Ulaya umekuwa ukigharamia mpango uitwao BUILD UP Skills. Lengo lake ni kumfundisha mwashi, seremala, plamba na fundi wa stima kujenga nyumba inayotumia nishati kidogo, kisha kumpa cheti kinachotambulika. Ulaya ilikuwa imeamua kwamba kufikia mwisho wa 2020 kila nyumba mpya itumie nishati inayokaribia sufuri, na wakubwa wakang'amua kwamba sheria haishiki mwiko wa mwashi. Anayeushika ni mtu, na mtu huyo hakuwa ameandaliwa.

Kenya nayo imeanza kuelekea huko. Kanuni za ujenzi za 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025, zimechukua nafasi ya zile za 1968. NCA, mamlaka ya kitaifa ya ujenzi, ilipewa na sheria ya 2011 kazi ya kuwatambua na kuwapa vyeti mafundi stadi na wasimamizi wa mjengo. Hapa Kisumu, nyumba za bei nafuu zimeingia mtaa wa Makasembo. Kwa hiyo swali si la Wazungu peke yao: je, fundi wetu alazimike kusomea ujenzi wa nyumba isiyokula nishati, na asiye na cheti azuiwe kugusa paa?

Kabla ya kuchagua upande, tupande kwanza juu ya hilo paa.

Kisumu iko karibu mno na ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,130. Jua la adhuhuri hukaa karibu na utosi mwaka mzima. Ukuta unaotazama kaskazini au kusini haupati shida kubwa, maana upenu wa kawaida unatosha kuukinga. Joto huingia kupitia paa, kisha kupitia kuta za mashariki na magharibi, ambako jua la asubuhi na la jioni hupiga kwa ubavu na upenu hauna la kufanya. Nyumba iliyonyooshwa mashariki hadi magharibi, madirisha yakitazamana kaskazini na kusini, silingi ikiwa na nafasi ya kupumulia juu yake, hukalika saa tisa alasiri bila hata feni. Ukiigeuza nyumba hiyohiyo nyuzi tisini, ukaipa vioo vikubwa upande wa machweo kwa sababu ndiko barabara iliko, umenunua kiyoyozi na bili yake.

Sasa tazama kazi yenyewe. Nyumba inaezekwa mtaani Mamboleo, hapa Kisumu. Mwenye nyumba amenunua foili ya kuzuia joto, ile yenye uso mmoja unaong'aa na mwingine mweupe. Mafundi wanaitandaza juu ya mbao, uso unaong'aa ukielekea angani, kisha mabati yanalazwa juu yake na kupigiliwa misumari, foili ikabanwa kabisa na bati. Kazi safi, haina mkunjo hata mmoja. Lakini foili huzuia joto la mnururisho, yaani lile linalosafiri kama mwanga, pale tu uso wake unaong'aa unapotazama hewa. Ukigusana na bati, joto hupenya kama vile foili haipo. Ilitosha kuigeuza, au kuweka ubao mwembamba katikati ili hewa ipate nafasi. Gharama ya kugeuza ni sufuri. Na ramani ya msanifu haikusaidia chochote, maana ramani huandika tu kwamba foili ikae chini ya mabati. Uso upi utazame wapi huamuliwa na aliye juu ya ngazi.

Hiyo ndiyo hoja nzito zaidi ya wanaotaka mafunzo, nami naikubali bila kusita. Tena kuna upande wa hatari ambao hautajwi sana. Mwaka 2009 serikali ya Australia ilimwaga pesa ili dari za nyumba ziwekewe vizuia joto, na kampuni zikaajiri vijana haraka haraka. Katika muda wa miezi michache wanne kati yao walifariki: watatu kwa stima, mmoja kwa joto la darini. Kulikuwa na waliopigilia foili kwa pini za chuma, pini zikatoboa nyaya zenye stima. Mpango ulisitishwa Februari 2010, na tume ya uchunguzi ya 2014 ikaeleza jinsi mafunzo na usimamizi ulivyokuwa duni. Nikizikumbuka dari za mitaa yetu ya Nyalenda na Manyatta, ambako waya wa chumba cha nne umeungwa kwenye waya wa chumba cha tatu, naona ukijaribu kuzifunga foili zote kwa mpigo bila kumfundisha mtu yeyote, utakuwa umetega mitego.

Wala leseni kwa fundi si jambo geni kwetu. Kanuni za 2012 za umeme wa jua ziliweka ngazi tatu, T1 hadi T3, na leo EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, ndiyo inayotoa leseni hizo. Zimesaidia: mwenye nyumba wa Kakamega ana swali la kumuuliza anayekuja kumfungia paneli. Ila kila mtu anajua kwamba paneli nyingi za vijijini bado hufungwa na asiye na karatasi yoyote, na zinawaka.

Hapo ndipo upande wa pili unapoanza kuwa na maana. Fundi wa Kondele hapati kazi kwa cheti. Anapigiwa simu na mtu aliyeona ukuta aliojenga kwa jirani. Wapo wenye miaka ishirini kwenye mjengo ambao hawajawahi kukalia mtihani wa gredi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, hata ile gredi ya tatu ya kuanzia. Ukiwaambia kesho kwamba bila cheti cha nishati hakuna kuezeka, hawataenda darasani. Wataendelea kuezeka, ila sasa kila anayepita na kitambulisho cha ofisi fulani atakuwa na sababu ya kusimamisha kazi mpaka apewe kitu kidogo. Gharama hiyo itaishia kwenye kodi ya mpangaji. Wanaopenda kanuni kali hupenda kulisahau jambo hili, labda kwa sababu wao hawajawahi kusimamishiwa mjengo.

Na cheti chenyewe si dhamana. Oktoba 2025 mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali ya Uingereza alitoa ripoti kuhusu miradi miwili ya kuzivika nyumba vizuia joto. Kati ya nyumba zilizowekewa vizuia joto kwenye kuta za nje, zaidi ya 20,000, asilimia 98 zilihitaji kurekebishwa. Hiyo ni nchi yenye viwango vilivyoandikwa, kampuni zilizosajiliwa na mihuri ya ubora. Shida mojawapo ilikuwa kwamba kampuni yenye karatasi ilichukua kazi, kisha ikaikabidhi kwa mafundi wa mkono wa pili wasio na ujuzi. Mchezo huo unajulikana vizuri mno hapa kwetu, cheti cha mmoja kikitumika kuombea tenda na jasho likiwa la mwingine.

Kuna pingamizi jingine, nalo linahusu kitakachofundishwa. Mtaala wa Ulaya umetungwa kwa ajili ya baridi. Kipimo maarufu cha Ujerumani cha nyumba isiyokula nishati, Passivhaus, kinataka nyumba izibwe hivi kwamba hewa ikisukumwa kwa shinikizo la paskali 50, isivuje zaidi ya mara 0.6 ya ujazo wa nyumba kwa saa. Fundi akiubeba ustadi huo hadi Dunga kandokando ya ziwa na kuziba kila upenyo kwenye nyumba isiyo na kiyoyozi, atakuwa amejenga tanuri. Kisumu inataka nyumba ipitishe upepo. Nakuru, ambayo iko juu kwa zaidi ya mita 700, ina usiku wa Julai unaotaka mlango uzibwe na jua la mchana lihifadhiwe ukutani. Mtaala mmoja wa taifa zima utawapotosha wote wawili.

Isitoshe, tusijidanganye kuhusu kinachookolewa. Sehemu kubwa ya stima yetu inatokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, na nyumba nyingi za Kisumu hazina kiyoyozi hata kimoja. Kwa nyumba hizo faida ni mtoto kulala bila kutokwa jasho, na mgonjwa wa presha kupumzika mchana. Bili itashuka kwenye hosteli, hospitali, maduka makubwa na ofisi. Kwa upande wa moshi, saruji na matofali yanayochomwa kwa kuni yana mchango mzito kuliko taa na feni, kwa hiyo fundi anayejua kupunguza saruji bila kudhoofisha ukuta ana thamani kuliko anayejua kuziba.

Basi ningefanyaje? Cheti kisiwe lango la kumfungia fundi mdogo. Kianze kwa foromani na kiongozi wa kikosi cha paa, maana hao wawili wakijua, wengine saba watafuata. Kiwe sharti kwenye miradi inayolipiwa na umma tu, yaani madarasa, zahanati na nyumba za bei nafuu, kwa kuwa huko mwenye nyumba ni serikali na inaweza kudai inachotaka. Mtihani ufanyiwe juu ya paa, si kwenye dawati, na fundi mkongwe apimwe kwa anachojua tayari, kama sera ya 2024 ya kutambua ujuzi wa awali inavyoruhusu. Kituo cha NITA cha Kisumu na chuo chetu cha kitaifa cha ufundi vina uwezo wa kufanya hilo wikendi. Mwenye nyumba naye aguswe pale idhini ya ramani inapoombwa, kwa sababu dirisha la magharibi ni uamuzi wake. Fundi akimbishia mara mbili, siku ya tatu anampata mwingine getini.

Kinachonikwaza ni pesa. Mwajiri rasmi hulipa ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na NITA humrudishia anapowapeleka watu wake kusoma. Fundi wa jua kali hana mwajiri wa kumwombea. Akikaa darasani siku tano amepoteza ujira wa siku tano, na nyumbani chakula ni cha kila siku. Mpaka sehemu ya mfuko huo ifunguliwe kwa asiye na mwajiri, imlipe ada na angalau nusu ya ujira wa siku alizokosa, watakaojitokeza kuchukua cheti ni wale wa kampuni kubwa, na mabati ya Mamboleo yataendelea kubanwa na foili iliyolazwa kinyume.